Klachi ya Stata na Njia ya Ukweni

Pikipiki ya mume wangu ilikuwa ya mtumba, ya stata tu, haina kiki. Klachi ya stata ilipolika, alibonyeza swichi, stata ikazunguka bure na injini ikakaa kimya. Basi akawa anaegesha mteremkoni tu, aisukume iwake. Kwa rafiki zake wa Olmotonyi, kwenye miinuko, hakukosa hata wiki moja. Mama yangu, wa Ngaramtoni, alitumiwa salamu mwaka mzima kwamba kwake ni tambarare mno.

Biashara huria ilipojaza spea mjini, nilinunua klachi mpya mwenyewe, nikasimama pale hadi fundi alipoifunga. Jumapili tukaenda.

“Shikamoo mama,” mume wangu akaamkia kwa adabu zote.

“Marahaba. Mlima umehamia huku lini, baba?”