Saini ya Rula

Pale ofisi ya takwimu dada yangu wanamwita Rula, na hawamsingizii. Kwa miaka ishirini na miwili amesoma tarakimu akiweka rula pana ya mbao chini ya mstari, jicho lisiteleze. Marehemu baba, fundi seremala, ndiye aliyemchongea.

Mwezi uliopita alipewa kazi ya kulinganisha thamani ya plaiwudi tunayoagiza kutoka nje na ile wanayoagiza jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka. Akafungua vitabu viwili, akashuka mstari kwa mstari. Sisi, dola milioni arobaini na moja. Jirani, arobaini na sita. Akatia saini, maana ofisini kwao jedwali halitoki bila saini ya aliyelitengeneza. Mkuu wake alifurahi mno. Ijumaa angelisoma mbele ya wakubwa, wajue tunajitegemea kuliko jirani.

Alhamisi asubuhi chai ikamwagika mezani. Dada akainua rula aipanguse, na chini ya mstari wa mwisho wa kitabu cha jirani akaona maandishi madogo: thamani hizi ni pamoja na nauli ya meli na bima. Zetu zilikuwa bei ya muuzaji peke yake. Kila alipofika mwisho wa ukurasa, rula ya baba ilikuwa imeyafunika.

Akaongeza nauli na bima upande wetu. Milioni hamsini. Akabeba karatasi hadi kwa mkuu.

"Mkuu, nimekosea. Tumewapita."

"Mama wee! Maandishi ya sisimizi hayo nani atayasoma?"

"Mimi nimeshayasoma."

"Na mimi nimeshawaambia wakubwa. Unataka nilambe mate niliyotema?"

"Waambie kosa ni langu. Si ndiyo kweli?"

Mkuu akaegemea kiti. "Ghala la majalada linataka mtu. Panya tele kule."

"Panya hula karatasi, mkuu. Hawaandiki za uongo."

Akaweka rula juu ya jedwali, akaikata saini yake kwa mstari ulionyooka, akatoka.

Mkuu alizunguka meza zote akitafuta mkono mwingine. Karani mmoja alidai kalamu yake imekauka. Wa pili akaumwa macho ghafla. Ijumaa jedwali halikusomwa. Jumatatu dada alihamishiwa ghalani, chini kabisa ya jengo.

Jioni ile nilimkuta jikoni kwake, vumbi bado kwenye nyusi. Nilikwenda nimejiandaa kumpa pole.

"Dada, ungefumba macho mara hii moja tu. Ulikuwa umebakiza miaka mingapi pale juu kabla ya kustaafu?"

"Nimeyafumba miaka ishirini na miwili, mdogo wangu, na sikujua."

Niliitazama rula ya baba, imetundikwa ukutani karibu na kalenda. Mezani palikuwa na nyingine, mpya, ya plastiki angavu. Niliona mistari ya kitambaa cha meza kupitia kwayo.

"Na hii ya nini tena, huko kwenye vumbi?"

"Majedwali yangu yote yako kule. Leo nimefungua la kwanza nililolitia saini."

"Ukikuta nalo lina kosa?"

"Naikata saini, napeleka juu." Akacheka, akajifuta nyusi kwa kiganja. "Watanihamishia wapi tena? Chini ya sakafu?"