Karavani ya Baba, Nyumba ya Mama

Marehemu baba yetu, Abdilatif, Mungu amrehemu, alikuwa mchomeaji vyuma hapa Garissa. Alinunua karavani kuukuu, nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari, iliyotelekezwa nyuma ya gereji, akaunga chasisi, akabadilisha sakafu iliyooza, akaipaka yote rangi ya kijani. Tamaa yake ilikuwa moja: kulala ndani yake na familia kando ya mto Tana, yeye akiwa mwenye nyumba.

Safari ya kwanza, mama alitangulia kuingia, akatandika mikeka aliyoachiwa na mama yake, kisha akasimama mlangoni. Kwetu Wasomali, nyumba ya kuhama ni ya mwanamke.

"Lakini nimeitengeneza mimi, Shamis," baba akasema.

"Na ngamia ndiye huibeba nyumba. Umewahi kumsikia akidai chumba?"

Baba alicheka mpaka akaketi mchangani. Kisha akabisha hodi, akakaribishwa. Alifanya hivyo kila safari hadi Mola alipomchukua.

Eda ya mama ilipoisha, tulimpeleka mtoni. Kaka yangu Hared akaingia moja kwa moja na godoro lake.

"Toka," mama akamwambia. "Aliyeitengeneza alikuwa anabisha hodi."

Hared akatoka, akabisha.