Nilimwambia Mwalimu Mbwa Wake Mzima

Kosa ni langu na simsingizii mtu. Nimemuua mbwa niliyewekewa amana, tena si kwa fimbo wala kwa sumu. Nimemuua kwa haya na kwa uongo, na mpaka leo nikikumbuka moyo unaniuma.

Mimi ni mama wa makamo, mkaazi wa kijiji cha Shumba, huku visiwani. Jirani yangu alikuwa mwalimu kutoka bara, Mkristo, mwanamke mpole tuliyekuwa tukiombana hata chumvi. Alipokwenda masomoni kwa miezi kadhaa aliniachia mbwa wake, Tomi, anilindie muhogo wangu usiliwe na tumbili. Akanisisitiza, "Bi mkubwa, kila Ijumaa mtoe kupe. Mtazame masikioni na katikati ya vidole. Tafadhali usisahau."

Nikakubali. Wiki tatu nilimtoa kupe, kisha nikajitwahirisha najisi ya mbwa mara saba, moja kwa udongo, kama sisi Waislamu tulivyofundishwa chuoni tukisoma Kurani. Wala sikuona tabu.

Siku ya harusi moja hapa mtaani tulikuwa jikoni tunasukuma chapati. Mama mmoja akauliza mbele ya wote, "Wee, mkono huo si ndio umshikao mbwa? Leo ushakosha mara ngapi?" Wakacheka. Nami nikacheka, lakini nilitahayari mpaka nikaacha chapati nikaenda kuosha masufuria. Tangu siku ile sikumgusa Tomi tena. Chakula nikimrushia kwa mbali.

Kupe wakamjaa. Akawa analala mchana kutwa, tumbili wanang'oa muhogo naye anawatazama tu. Ufizi ukawa mweupe, na mkojo ukawa mwekundu kama chai ya rangi. Niliyaona yote hayo, nikanyamaza.

Siku hizo hizo mwalimu akapiga simu. "Tomi hajambo?"

"Yu mzima, mwalimu. Ala vizuri."

Jamani, ulimi wangu huu! Tomi mwenyewe alikuwa hatua tano kutoka niliposimama, na simu yangu ina sauti kubwa, kila neno lasikika nje.

Zikapita siku nne ndipo nikamwita bwana mifugo. Akamfunua kope, akatikisa kichwa. "Hivi ni vijidudu vya damu, kupe ndio wanaovitia. Dawa yake ipo, lakini umechelewa, mama." Akamdunga sindano hivyo hivyo. Alfajiri nilimkuta Tomi amekufa.

Mwalimu aliporudi nilimweleza kila kitu. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Aliniuliza jambo moja tu: "Siku ile niliyopiga simu, alikuwa bado anaweza kusimama?"

Nikamwambia, "Alisimama, mwalimu. Alisimama aliposikia sauti yako."

Akainama, akalia. Siku hizi ananisalimia kwa heshima, kisha anapita.

Wenzangu, ukiwekewa mnyama wa mtu na unajua hutaweza kumshika, sema siku ile ile ya kwanza. Na mwenyewe akikuuliza hali yake, mwambie kweli, hata kama kweli hiyo inakuaibisha. Mimi sikusema, na Tomi alikuwa bado yuko hai.