Ukuta wa Mchungwa Mmoja

Mwanzoni wageni wote walikuwa wakiuliza swali lile lile. Wanainama, wanapita kwenye kimlango kinachowafika kifuani, wananyooka ndani huku wamejishika kiuno, wanatazama juu, wanatazama pembeni, halafu wanauliza: "Na bustani iko wapi?"

Wamo ndani yake. Bustani yetu ni ukuta wa mviringo wa mawe meusi, mnene, mrefu kuliko mtu aliyembeba mwenzake mabegani, na katikati mti mmoja tu wa mchungwa. Hapa Pantelleria, kisiwa cha Italia karibu na Tunisia, upepo hauendi likizo. Mizabibu tunaipanda ndani ya mashimo, mizeituni tunaikata mpaka itambae chini, na mchungwa, kwa kuwa haukubali kutambaa, tunaujengea nyumba. Babu yangu aliujenga ukuta ule bila chembe ya saruji. Usiku mawe yanashika umande, yanauteremsha mpaka kwenye mizizi, na mti unakunywa bila mtu kubeba ndoo. Sharti ni moja: tawi lisichungulie nje. Likichungulia, chumvi ya baharini inaliunguza.

Mwenye mti alikuwa wifi yangu Bastiana, mke wa marehemu kaka yangu Nunzio. Kwetu mizabibu ni ya wanaume, lakini mchungwa ni wa mke anayeolewa ndani ya nyumba. Siku ya pili ya harusi mama yangu alimpa ngazi na msumeno mdogo, akamwambia, "Nyumba ni ya mumeo. Mti ni wako." Mimi, binti aliyezaliwa kivulini mwa mti ule, nilitoka mikono mitupu, na sikuacha kumkumbusha.

"Wifi, umekula machungwa yangu tena," nilikuwa nikimwambia kila msimu wa baridi.

"Yako yako wapi, Ninfa? Wewe ulipewa mdomo. Mbona unakutosha?"

Hivyo ndivyo tulivyoishi, ua wangu na ua wake vimetenganishwa na kijia cha punda, tunatukanana asubuhi na kupelekeana sahani mchana. Alikuwa mfupi, mbishi, mwenye mikono iliyopasuka kwa kuchuma kaperi, vile vitumba vya maua tunavyovifukia kwenye chumvi. Machungwa yake hakuyauza hata siku moja. Yalikwenda kwa mwanamke aliyejifungua na kwa mgonjwa asiyetaka kula. Kila mwaka alipanda ngazi na kukata kila kilichotaka kuvuka ukuta, huku akiugombeza mti kama mtoto mtoro: "Unakwenda wapi? Huko nje kuna nini?"

Nunzio alipofariki, Bastiana alihamishia chakula chake cha mchana mle ndani. Kigoda, sahani ya viazi na nyanya, kipande cha mkate. Niliwahi kumuuliza hachoki kula peke yake. Akanijibu kwamba kisiwa kizima hakuna mahali pengine mtu anaposikia pumzi yake mwenyewe. Ni kweli. Ukiingia mle, upepo unakatika kama redio iliyozimwa.

Basi alikuwa na vitu viwili duniani: mti huo, na mwanawe wa pekee, Liborio, aliyekuwa kiwandani Torino, mbali kule kaskazini mwa Italia, tangu ndevu hazijamjaa. Mti alikuwa nao kila siku. Mwana alimpata kwa simu ya Jumapili, na siku nyingine hata hiyo simu hakuipata.

Kisha kiwanda kikapunguza watu, mke wa Liborio naye akapunguza mume, na siku moja ya Machi mwanaume wa makamo aliyeanza kupata upara akashuka kwenye meli iliyotoka bandari ya Trapani, na mabegi mawili. Bastiana alichinja sungura watatu. Alinenepa kwa furaha, nasema kweli, mashavu yalirudi. Alikuwa anapita uani kwangu bila sababu, ili tu aseme, "Liborio amelala bado," au "Liborio hapendi kitunguu kibichi, unajua?"

"Najua, wifi. Jana pia nilijua."

Liborio hakuwa mtu mbaya. Hilo nataka lieleweke, maana kisiwani wapo waliomwita majina. Alikuwa mtu aliyefikwa na maji shingoni. Alipaka chokaa nyumba ndogo ya mawe iliyokuwa ghala la zabibu, akaweka kitanda na bafu, akaitangaza kwenye mtandao kwa watalii. Na kwa kuwa kila mwenye nyumba kisiwani ana bahari ya kuonyesha, yeye akatangaza bustani: bustani ya kale, ndani ya hifadhi ya taifa, mti mmoja uliojengewa mnara.

Wakaja. Mzee mnene wa Bergamo alinasa kwenye kimlango, ikabidi tumsukume kwa nyuma, mimi na Bastiana, kila mtu na upande wake. "Sukuma, wifi, huyu amelipa!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini wakirudi makwao, wageni huandika, na Liborio alikuwa anatusomea mezani kutoka kwenye simu.

"'Giza. Mgongo umeniuma wiki nzima.'"

"Aache kula," nikasema.

"'Tulidhani ni bustani. Ni mti mmoja tu, tena wa kawaida. Kwetu machungwa tunayanunua sokoni.' Nyota mbili."

Bastiana aliweka uma chini. "Wa kawaida?"

"Mama, ni watu tu."

"Amesema mti wangu ni wa kawaida?"

Nyota zilivyopungua, wageni walipungua. Julai ilikuwa karibu na kitanda kilikaa kitupu. Liborio alianza kukaa kibarazani na simu mkononi, na akaanza kumtaja rafiki yake mmoja wa Torino ambaye angemtafutia kazi ya ulinzi wa usiku. Kila alipomtaja, Bastiana alikuwa anainuka kuosha sahani zilizokwisha kuoshwa.

Ndipo Liborio akaja na wazo lake. Ukuta ufunguliwe upande wa bahari, pengo la upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mgeni aketi ndani kwenye mto, aone jua likizama baharini kupitia matawi ya mchungwa, na siku ya anga safi aone mpaka Tunisia. "Ni kwa majira ya joto tu," akasema. "Tukimaliza kuvuna zabibu nalifunga. Mawe yatakuwa pale pale."

Niliposikia, nilivuka kijia na aproni yangu ya unga.

"Wifi, umerogwa? Upande wa bahari? Mti huo haujawahi kuujua upepo hata kwa jina!"

"Ni miezi mitatu."

"Ukuta ule ni wa babu yangu!"

Bastiana alinitazama, na safari hii hapakuwa na utani usoni mwake. "Chukua ukuta wako, Ninfa. Chukua na mti. Mimi niachie mwanangu."

Alijua yote niliyoyajua, na zaidi, maana ni yeye aliyekata kila tawi lililojaribu kutoka. Alivipima vile viwili alivyokuwa navyo na akachagua kimoja. Niliumia, nikarudi nyumbani nikaukanda ule unga mpaka ukawa mgumu.

Liborio aliyatoa mawe mwenyewe, moja moja, akayapanga pembeni vizuri. Bahari ikaingia bustanini kwa mara ya kwanza, ya buluu, kubwa, na hata mimi, Mungu anisamehe, niliona inapendeza. Wageni walipagawa. "Peponi." "Mahali pa kulia kwa furaha." Nyota tano, tano, tano. Agosti kitanda hakikupoa. Liborio alinunua mito myeupe na taa ndogo za kutundika. Alianza kupiga mluzi. Na kila jioni wageni walipoondoka, Bastiana alitundika magunia kwenye pengo, akayafunga kwa kamba. Na kila asubuhi Liborio aliyafungua kabla wengine hawajaja.

Zabibu zikavunwa, zikaanikwa, zikakauka.

"Liborio, ukuta," akasema mama yake.

"Kuna maharusi wanakuja Oktoba, Mama. Wamechagua hapa kwa sababu ya lile pengo. Wakiondoka tu."

Maharusi walifika Jumatano. Alhamisi mawimbi yalianza kupiga miamba kwa sauti ambayo sisi wenyeji tunaijua, na meli haikuja. Jioni ule upepo mkali tunaouita maestrale ukafika kutoka kaskazini-magharibi, moja kwa moja kwenye pengo, kana kwamba ulikuwa umealikwa.

Tulikwenda wote. Sitamnyima Liborio haki yake: alibeba mawe mpaka vidole vikachanika. Lakini kuyatoa mawe na kuyarudisha si kazi moja. Tulipanga, yakaanguka, tukapanga, yakaanguka. Aliyejua kuyafunga yakashikana alikuwa makaburini. Tukaleta makreti ya zabibu, tukaleta magodoro, ile mito myeupe, mlango wa banda la punda. Upepo ukavitupa kimoja kimoja upande wa pili. Mle ndani, mahali ambapo mtu alikuwa akisikia pumzi yake, nilikuwa napiga kelele sikioni mwa Bastiana na hanisikii. Upepo ulikuwa umeingia na haukuwa na pa kutokea, ukawa unazunguka na mti kwa pamoja, matawi yanajipiga kwenye mawe. Bastiana alikuwa ameukumbatia mti kwa mikono miwili, uso ameuficha kwenye gome. Maharusi walitupiga picha kutoka dirishani.

Upepo ulivuma siku tatu. Ulipotulia, majani yote yalikuwa rangi ya kahawa, na ukiyagusa yanavunjika. Machungwa mabichi yalitapakaa chini, magumu kama kokoto. Ukilamba gome, ni chumvi.

Tulisema utachipua. Watu husema hivyo. Bastiana alikuwa anakwangua gome kwa ukucha, tawi hili wiki hii, tawi lile wiki ijayo, akitafuta kijani chini yake. Aliteremka hivyo hivyo, kutoka matawi ya juu mpaka ya chini, kutoka ya chini mpaka shinani. Desemba alikuwa anakwangua shina akiwa amepiga magoti.

Liborio hakuweza kumtazama. Alikuwa anatoka asubuhi, anarudi usiku, hali mezani. Januari akafunga mabegi yale yale mawili.

"Mama, nikibaki nitakufa."

Nilikuwepo. Nilisubiri Bastiana ampigie kelele, amkumbushe mti, amwambie alichokitoa ili yeye abaki. Badala yake alimfungia mkate na jibini kwenye kitambaa, akamtengeneza kola ya koti. Alipogeuka, niliona mtu ambaye hana tena kitu cha kupima.

Machi ikapita, Aprili ikapita. Mchungwa haukuchipua. Nikamwambia, "Wifi, tuukate. Tutapanda mche mwingine, nitamtafuta fundi wa kufunga ukuta." Akakubali kwa kichwa. Lakini Liborio, ambaye sasa anaiendesha ile nyumba ya wageni kwa simu kutoka Torino huku mama yake akitandika kitanda na kupokea funguo, alipoambiwa alipiga kelele kule kule alikokuwa.

"Usiukate! Mama, wanaupenda! Angalia picha, ukiwa mkavu na bahari nyuma yake unapendeza zaidi!"

Na ni kweli wanaupenda. Majira haya wamekuja wengi kuliko mwaka jana. Wanakaa kwenye mito, wanapiga picha matawi makavu dhidi ya jua, hakuna anayeuliza tena bustani iko wapi. Bastiana huketi nje kwenye kigoda chake, karibu na kimlango ambacho sasa hakitumiki, mikono mapajani. Hali tena chakula mle ndani. Akimaliza kutandika, anakaa. Wageni wakija, anakaa. Wakiondoka, yupo pale pale. Utani wetu umekwisha. Namtukana, ananiambia, "Ndiyo, wifi."

Jumapili iliyopita nilikuwa nimemletea supu wakati Liborio alipopiga simu. Nikaiweka sauti juu ili asikie vizuri. Sauti yake ilikuwa na furaha, masikini, ya mtu anayetaka sana kuleta habari njema.

"Mama, sikiliza huyu, ni mwalimu wa Verona. Nyota tano. 'Mahali pa utulivu usioelezeka. Kilichonigusa zaidi si mti wala bahari. Ni bibi mzee anayeketi mlangoni siku nzima bila kusema neno. Sijawahi kuona mtu mwenye amani kama ile. Nendeni mkamwone.'" Akacheka. "Umesikia, Mama? Wanakuja kukuona wewe!"

"Nimesikia, mwanangu. Umekula?"

Alikuwa amekula. Wakaagana. Nilishika bakuli la supu, sijui niliweke wapi. Upepo ulikuwa unapita kwenye pengo na kutoka na vumbi la magome.

"Kumbe nina amani, Ninfa," akasema. "Na wewe muda wote huu hukuniambia."

Nilimsubiri acheke. Kwa miaka yote niliyomjua, mahali pale angecheka. Alinyoosha mkono, akapokea supu, akaanza kuinywa kijiko kwa kijiko kwa kuwa nilikuwa namtazama.