Taa ya Kijani ya Kiwanda cha Barafu

Tu Hsiu-chin alikuwa na miaka ishirini na miwili ya kuandika programu mjini Donggang, na miaka yote hiyo mpenzi wake alikuwa neno "kama". Kama gesi ni kidogo, washa taa ya njano. Kama ni nyingi, washa nyekundu na ufunge mlango. Vinginevyo, washa ya kijani. Hilo "vinginevyo" ni kapu la wavivu: lolote usilolifikiria unalitupa humo. Alilijua hilo, na bado alilitumia, maana halikuwa limemuumbua hata siku moja.

Programu yake ya namna hiyo ndiyo iliyolinda chumba cha baridi cha kiwanda cha barafu pale bandarini, penye mabomba ya amonia, gesi ya sumu inayogandisha barafu. Mdogo wake, Chin-lai, ndiye aliyeingia humo kila asubuhi saa tatu kutoa barafu ya wavuvi. Juu ya mashine aliweka pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, kama wafanyavyo wote huko, wakiamini kwamba huifanya mashine iwe na adabu.

Ijumaa kiwanda kilileta vihisi vipya vya gesi.

"Vina hali ya nne, bosi," Hsiu-chin alimwambia Lo, mkuu wa kiwanda. "Sijaisoma bado."

"Hsiu-chin, acha kuchokonoachokonoa. Kinachofanya kazi hakiguswi. Vifungwe ukutani leo, utasoma Jumatatu."

Vikafungwa, naye akanyamaza. Hapo ndipo alipokosea, na mimi sitamtetea.

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi alianza kuiandika programu upya kwa mtindo mwingine, ule wa kuorodhesha kila hali kwa jina lake na jibu lake. Mtindo huo hauna huruma: ukisahau hali moja, kompyuta inagoma. Aliandika hali tatu alizozizoea. Kompyuta ikagoma: kwenye orodha ya vihisi vipya kuna hali ya "kipofu" isiyo na jibu.

Akafungua kijitabu cha vihisi. Kipofu: gesi imezidi uwezo wa kipimo.

Kule kiwandani bado ilikuwa ile programu ya zamani. Kipofu si kidogo, wala si nyingi. Kipofu ingeangukia kwenye kapu la "vinginevyo", na taa ingewaka kijani.

Ilikuwa karibu saa tatu. Akampigia Chin-lai simu.

"Dada! Umekula?"

"A-lai, taa ina rangi gani?"

"Kijani tangu alfajiri, haijapepesa hata kidogo. Vitafunio vyangu vinakushinda kazi, mama wa kompyuta!"

"Husikii harufu?"

"Kwa mafua haya? Hata soksi zangu sizisikii."

"Usiingie! A-lai, usiingie humo!"

"Nini? Sikusikii, wanasaga barafu hapa. Nikitoka nitakupigia."

Akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Mara ya tatu akaambiwa namba haipatikani. Kuta za chumba cha baridi ni za chuma, na simu haishiki mtandao humo ndani.