Kiti cha Ndiyo

Ofisi ya meneja wetu pale Kitale ilikuwa na viti viwili. Chake kilikuwa cha magurudumu, chenye mgongo mrefu. Cha wageni kilikuwa cha sponji iliyochoka miaka mingi iliyopita. Ukikikalia unazama mpaka magoti yanakaribia kidevu, na kutoka huko chini unamwona meneja kuanzia tai kwenda juu. Wafanyakazi tulikiita kiti cha ndiyo. Mtu aliingia na malalamiko aliyoyapanga tangu asubuhi, akatoka amekubali kufanya kazi Jumamosi.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa msichana mwenye diploma mpya, mzaliwa wa Kibabii karibu na mji wa Bungoma, na kampuni ndogo ya mbegu za mahindi ilikuwa imeniajiri kwa mkataba wa miezi sita. Kazi yangu ilikuwa kupima kama mbegu zinaota. Unachukua mbegu mia kutoka kwa kila fungu la magunia, unazipanda kwenye trei ya mchanga wenye unyevu, unangoja wiki moja, unahesabu. Zikiota vizuri natia sahihi na mbegu zinafungwa kwenye pakiti kwenda kuuzwa. Zisipoota, sitii. Mtoto wa darasa la tatu angeiweza kazi hiyo, isipokuwa ile sahihi.

Mwaka huo mahindi yalitoka shambani yakiwa na maji mengi, na mvua za kupanda zilikuwa karibu. Meneja akaamuru moto wa ule mtambo wa kukaushia, draya, uongezwe ili kazi iende haraka. Alipita akamwuliza mzee wa draya, "Iko sawa?" Mzee huyo alikuwa kazini tangu mimi sijaanza shule. Akajibu, "Iko sawa, bosi." Halafu akaja kwangu kwenye chumba cha trei, akaegemea mlango.

"Huyu mtu anatupikia mbegu kama mahindi ya githeri," akasema.

"Sasa si ungemwambia?"

"Nimwambie kama nani? Si yeye ndiye bosi?"

Nilimwona mwoga. Nilikuwa na umri wa kuwaona watu wazima waoga kabla zamu yangu haijafika.

Wiki moja baadaye nilihesabu trei za fungu lililokaushwa kwa moto ule. Katika mia, zilizoota zilikuwa sitini na kitu. Zilizobaki zilikaa kwenye mchanga zikiwa nzima, zinang'aa, nzuri kutazama, zimekufa. Nikapanda nyingine, nikangoja wiki nyingine, jibu likawa lilelile, nikapanda na za tatu. Moto ulikuwa umeziua, na aliyeuongeza ndiye aliyengoja fomu yangu. Ndiye pia angeamua mwisho wa mwezi kama mkataba wangu utaongezwa au nitarudi Kibabii na diploma yangu kwenye bahasha.

Kilichoninyima amani zaidi ni mama. Alipanda mbegu yetu kwenye ekari yake moja, na alikuwa amewaambia majirani wote, na nusu ya kanisa, kwamba mbegu ile hupita mikononi mwa binti yake kabla haijafika dukani. Watu walikuwa wanainunua kwa neno lake. Kila nilipofumba macho niliona mistari yao yenye mapengo.

Nikaenda kwa meneja. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu njia nzima, na nilikuwa nimevaa sweta yangu nzuri. Akasema, "Keti." Nikaketi, nikazama.

"Fungu la draya," akasema huku akiandika. "Iko sawa?"

Nilifungua mdomo. Nawaapia maneno yalikuwepo, nilikuwa nimeyasema mbele ya kioo. Kilichotoka ni, "Iko sawa, bosi. Nataka tu kuhakikisha kidogo."

"Hakikisha haraka. Makao makuu Nairobi wananisumbua."

Nilijinyanyua kutoka kwenye kile kiti kwa mikono yote miwili, kama mama mjamzito, nikatoka. Mzee wa draya alikuwa amesimama nje. Hakuuliza kitu, na nilimchukia kwa kutouliza.

Siku tatu nilijificha katika chumba cha trei. Siku ya nne, wakati nimebeba trei ya jaribio la tatu kuipeleka kwenye mwanga wa dirisha, karani akachungulia. "Bosi anakuita. Sasa hivi, ameshakasirika." Trei ya mchanga wenye maji ni nzito, na kwa hofu sikufikiria kuiweka chini. Nikaenda nayo.

"Keti," meneja akasema.

Sikuweza kuketi. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika trei, na kile kiti huwezi kukiingia bila mkono wa kukusaidia. Nikabaki nimesimama mbele yake, maji yananitiririka kwenye viwiko. Mimi nikawa juu, yeye chini.

"Ni nini hiyo?"

"Ni fungu la draya, bosi."

Akasukuma mafaili pembeni, nikaiweka trei mezani. Kuiona vizuri ilibidi ainuke. Tukasimama wawili, vichwa vyetu karibu kugusana, tukitazama mbegu. Akaanza kuhesabu kwa kidole, taratibu. Alipomaliza akaanza upya kutoka upande mwingine.

"Sitini na nne," akasema.

"Hata mimi nimepata hivyo. Ni mara ya tatu. Moto ulizidi. Siwezi kutia sahihi, bosi."

Hapo ndipo alipogeuka. Sijasahau ule uso. "Ati moto ulizidi? Nani amekufundisha draya? Mzee aliniambia iko sawa. Wewe mwenyewe umeketi hapa wiki hii ukaniambia iko sawa. Kwa nini?"

Safari hii magoti yangu yalikuwa yamenyooka. Nikamjibu lililokuwa kweli.

"Nilikuwa nimekaa pale," nikasema, nikamwonyesha kiti kwa kidevu.

Akakitazama. Nadhani hakuwa amewahi kukitazama, maana ni nani anakalia kiti cha wageni ofisini mwake? Nilisikia magunia yakipangwa huko stoo na nikaanza kuhesabu siku zilizobaki mwezi kuisha.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Pakiti ziko ngapi zimetoka?"

"Hakuna hata moja. Fomu bado iko kwangu."

Akaketi, akajifuta uso wote kwa leso, na pumzi aliyoitoa niliisikia upande wangu wa meza. Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anaogopa kama mimi. Huko Nairobi nao walikuwa na ofisi, na bila shaka na kiti chao.

"Kesho naenda kuwaambia," akasema. "Niachie hiyo trei."

Asubuhi niliiona pikapu ikitoka getini, yeye kando ya dereva, trei imekaa mapajani juu ya gazeti. Nilienda chooni nikalia kidogo, halafu nikaenda kantini nikala chapati mbili na chai ya maziwa, na chakula kikashuka vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

Alirudi na barua ya onyo, lakini kazi yake hakuipoteza. Fungu lile likauzwa kama chakula cha kuku. Mama akapanda mbegu ya fungu lingine, na mistari yake ikaota bila pengo, na akaendelea kujisifu. Mkataba wangu uliongezwa mwaka mzima. Meneja alinipa barua, nikaipokea, tukaachana hivyo, tumeridhika wote wawili. Kiti kilibaki palepale.

Miaka michache baadaye nilipelekwa Bungoma kusimamia stoo ya kampuni karibu na stesheni ya reli. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kununua viti viwili vya mbao vyenye kimo kimoja. Nilijiona nimemaliza kazi. Kila asubuhi nilipita kwa mtunza stoo, mtu mpole aliyenizidi umri, nikamwuliza, "Iko sawa?" Naye alijibu, "Iko sawa, madam." Sikusikia sauti ya nani iliyokuwa inatoka mdomoni mwangu.

Asubuhi moja ya mvua aliingia ofisini na gunia begani, akalitua juu ya meza yangu, juu ya ripoti niliyokuwa naandika. Maji yakaenea kwenye karatasi.

"Hii imerowa, madam," akasema. Alibaki amesimama. "Ni ile kona ulisema tupange. Mabati inavuja pale. Nimekwambia iko sawa siku tatu, na haiko."

Hasira ilinipanda hadi masikioni. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumwuliza ni nani aliyemruhusu kuharibu meza ya ofisi. Halafu niliona viwiko vyake vinachuruzika maji.

Niliinuka.

"Yamelowa mangapi?"

"Sita tu. Tukitoa sasa hivi, hayo mengine tunaokoa."

Sita. Nilisikia mwili wote unalegea kwa nafuu, nikacheka, naye akanitazama kwa wasiwasi kidogo kabla hajacheka pia. Nikavua viatu vya ofisi, nikamfuata stoo, na gunia la kwanza tulilibeba pamoja, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine.