Mninga wa Zakia

Bilali bin Msafiri alikuwa fundi wa vinu na vitanda hapa Mwanza. Kama wewe ni mtu wa mji huu na bibi yako alitwanga zamani za Mwingereza, huenda alitwangia kinu chake. Watu walimsifu kwa kazi, lakini walimsema kwa jambo moja: alipenda msitu. Mtoto wa mjini, Mwislamu aliyesoma chuo cha Kurani, kila mwezi anachukua shoka lake na kwenda porini peke yake, anarudi siku ya tatu na kigogo kimoja ambacho angeweza kukipata nyuma ya Ilemela. Wakasema ana wazimu kidogo. Watu bwana, wasilolijua hawakosi kulipa jina.

Hakuzaliwa na mapenzi hayo. Baba yake, mzee Msafiri, alikuwa Mmanyema aliyebeba pembe begani mpaka mguu ukamshinda hapa ziwani, akaoa Msukuma, akatulia. Mzee huyo alimlea mwanawe kwa hadithi za wapagazi walioachwa njiani na miguu iliyovimba, wakiita majina ya wenzao mpaka sauti zikaisha. "Nyumba ina mlango," akimwambia, "na mto una kivuko. Msitu hauna mlango, mwanangu." Bilali akakua na uoga huo. Hata alipoanza ufundi, alikwenda kukata miti na kundi la wenzake, wakipiga makelele njia nzima, naye hakukubali hata siku moja kuwa wa mwisho katika mstari.

Mkewe, Sada, aliuogopa msitu kuliko yeye. Walikuwa na mtoto mmoja, Zakia. Mwaka 1924 mtoto alikuwa na miaka sita, na mama yake Bilali, aliyekwisha fiwa na mume na kurudi kwa ndugu zake ng'ambo ya msitu wa Igulya, huko mbele ya Bujora, alituma salamu kwamba anataka kumwona mjukuu kabla macho hayajazimika.

"Mwanangu hapiti msituni," Sada alisema.

"Mwezi mmoja tu, Mama Zakia. Nampeleka mwenyewe, namrudisha mwenyewe."

Mwezi ukawa miezi mitatu, maana kazi zilimbana na bibi hakutaka kumwachia mtoto. Kisha habari ikaja kwamba Zakia analala mchana, analala akila, tonge linamdondoka mkononi. Malale. Bilali akaenda mbio. Akamfunga mtoto mgongoni kwa shuka, na binamu yake Luhaga akamsindikiza ili wapokezane, wamwahishe hospitali ya Mwanza. Siku ya pili, saa sita mchana, katikati ya Igulya, penye kijito, Luhaga aliyekuwa nyuma akasema kwa upole, "Ndugu yangu, mshushe. Unabeba maiti."

Ilikuwa imebaki siku moja na nusu kufika, na jua la Februari halisubiri mtu. Walimwosha kwa maji ya kijito. Bilali akafungua kilemba chake kikawa sanda. Wakachimba chini ya mninga mkubwa uliosimama peke yake pale ukingoni, Luhaga kwa jembe, Bilali kwa tezo na kwa mikono, wakamlaza kichwa mashariki, uso kibla, kama ndugu zake wote Waislamu wanavyolazwa katika nchi hii.

Alipofika nyumbani bila mtoto, Sada hakumngoja aseme. Alimshika kanzu mlangoni. "Usiniambie umemwacha msituni. Niambie lolote, Baba Zakia, lakini usiniambie hilo."

Naye akasema, "Nimemzika Kisesa, kwenye makaburi ya Waislamu."

Kwetu mwanamke hafuati jeneza. Mume akisema amezika mahali fulani, basi ni hapo. Nani atakwenda kuuliza? Baada ya arobaini Sada akataka kuonyeshwa. Bilali akampeleka Kisesa, akatembeza macho kwenye vikaburi vya watoto, akaona kimoja kisicho na jina, akakinyooshea kidole. Sada akapiga magoti. Tangu hapo, kila mwezi wa Shabani, kabla ya Ramadhani, alikwenda kung'oa magugu juu ya mtoto wa mtu mwingine, akamwagia maji, akapanda mrihani kichwani. Miaka tisa! Mimi siwezi kumtetea Bilali hapa. Ninachojua ni kwamba huruma iliyomfanya aseme uwongo mlangoni ndiyo iliyomzuia kuutoa baadaye.

Ni katika miaka hiyo Bilali alianza kwenda Igulya. Mara ya kwanza alitetemeka mwili mzima. Alikaa chini ya mninga akisoma Yasini kwa sauti ili asisikie mengine. Mara ya tano hakutetemeka. Alijua sasa mahali mbega wanapoketi asubuhi, alijua ipi ni sauti ya tawi na ipi ni ya mnyama, akajua matunda ya kuliwa na ya kuachwa. Alinunua sukari guru kwa Jasuben, mke wa mwenye duka wa Kihindi, akaiweka kwenye mizizi, akaangalia sisimizi wakiibeba, akamwambia mtoto, "Wenzako hao wanakula." Aliupenda msitu ule kama mtu anavyoipenda nyumba anamolala mwanawe. Na kila aliporudi, Sada alimkagua shingo na mikono kutafuta alama za kuumwa na mbung'o, inzi wa malale, akilia kwa hasira. "Umeupa msitu mtu mmoja. Unataka kuupa wa pili?"

Mwaka wa pili baada ya nzige, amri ikaja. Serikali na mtemi walikuwa wamekubaliana: Igulya ufyekwe wote. Mbung'o hapendi mahali peupe. Ondoa kivuli, umemwondoa yeye. Na tuseme kweli, hawakukosea. Ng'ombe walikuwa wanakwisha, watu walikuwa wanakufa wamelala. Kwenye baraza la Kisesa, Sada alisimama mbele ya wanaume, jambo ambalo mwanamke wa mjini hakulizoea, akasema, "Mimi sina ng'ombe wala shamba. Nina kaburi. Nipeni shoka." Uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe. Bilali alikuwa amekaa nyuma. Aliinama akachora chini kwa kijiti mpaka baraza likavunjika.

Akabuni hila. Kwa kuwa ni fundi wa shoka, aliomba apewe kipande cha kijitoni, na Chenge, mnyapara wa kazi, akampa. Siku kumi alikata miti aliyoijua mmoja mmoja, kila mmoja akiuaga kimoyomoyo, ili tu aubakize ule mmoja. "Mninga huu tuuache kwanza," alimwambia Chenge. "Mbao yake ni nzuri. Nitaushusha mwenyewe kwa msumeno." Chenge alikuwa mtu wa taratibu, akasema haya.

Siku ya kumi na moja Sada alikuja na wanawake kuleta chakula. Alisimama akiangalia uwanda wote ule mweupe, visiki na majivu, uso wake umenawiri kuliko Bilali alivyopata kuuona kwa miaka tisa. Kisha akauona mninga.

"Huu je?" akaita kwa sauti. "Mmemwachia mbung'o nyumba?"

"Ni mbao," Bilali akasema.

"Mbao! Jamani njooni mwone, mume wangu anaogopa mti!" Watu wakacheka. Akamsogelea, akapunguza sauti. "Baba Zakia, msitu huu ulituulia mtoto. Wewe unauonea huruma?"

Hapo alikuwa na nafasi. Neno moja tu. Walikuwa wameweka mashoka chini, watu hamsini wanatafuna viazi na kumtazama, na mkewe amesimama juu ya kaburi la mwanawe mikono kiunoni. Bilali alifungua kinywa. Akaona itakuwaje akisema: Sada kuanguka mbele ya kundi lile, miaka tisa ya magugu na mrihani, na maneno yake mwenyewe barazani. Akakifunga. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee, na yeye maradhi yake alikuwa ameyaficha kiasi cha kumsahaulisha tiba.

Sada akachukua shoka lake, shoka la Bilali, akapiga. Wewe unajua mninga ukikatwa. Unatoa utomvu mwekundu. Ulipotiririka, Sada akapiga kelele za furaha. "Toa damu! Nawe ulikunywa ya mwanangu!" Wanawake wakapokea kwa wimbo. Wanaume wakainuka kumsaidia, kwa maana mti ulikuwa mkubwa kwa mwanamke mmoja, na kabla ya alasiri ukawa chini. Gogo likaburutwa, kisiki kikachomwa siku tatu, kikang'olewa. Bilali aliwasaidia kukivuta kwa kamba. Angefanya nini?

Mvua zikaja, watu wakagawiwa ardhi, wakapanda pamba. Malale yakapungua, hilo halina ubishi. Luhaga, shahidi pekee wa kaburi, akafa mwaka ule kwa homa nyingine. Bilali hakutoka tena nje ya mji. Vinu vyake vikaanza kupasuka, kwa sababu alichukua gogo lolote aliloletewa.

Shabani ilipofika, Sada alifunga kibuyu cha maji na jembe dogo kwa safari ya Kisesa. Bilali alikuwa amekaa barazani. Akamwona akifunga, akasema, bila kuinua macho, "Hayupo Kisesa."

Alimwambia yote. Sada akakaa juu ya kinu kilichopasuka, kibuyu mapajani. Bilali alitamani ampige, amtukane, arudi kwao. Hatimaye Sada akainuka, akasema, "Nipeleke."

Walitembea siku mbili. Walipofika, Bilali alisimama. Pamba ilikuwa imefunga nchi nzima, mistari imenyooka, kutoka mwinuko mpaka mwinuko. Alitafuta kijito. Kilikuwa kimekauka na kulimwa juu yake. Alitafuta miamba miwili aliyozoea kuipita. Ilikuwa imevunjwa kwa ajili ya barabara. Mtu aliyewahi kuujua msitu ule gizani kwa sauti alizunguka ndani ya shamba la watu kutoka asubuhi hadi adhuhuri, akihesabu hatua, akirudi, akianza tena, jasho likimtiririka, na mkewe nyuma yake hatua kwa hatua.

"Ni wapi?" Sada akauliza.

Bilali akamtazama. Alikuwa amechoka, vumbi limemjaa usoni, ameshika kibuyu kwa mikono miwili ili maji yasimwagike. Akanyoosha kidole kwenye miche ya pamba iliyokuwa mbele yao.

"Hapa."

"Safari hii ni kweli?"

"Kweli."

Sada akapiga magoti. Akang'oa miche mmoja mmoja, akaipanga kando bila kuivunja, mpaka akapata peupe pa urefu wa mtoto wa miaka sita. Akalainisha udongo kwa kiganja. Kisha akafungua kibuyu, akainua uso.

"Kichwa kiko upande gani?"

"Mashariki," akasema Bilali, na hilo tu ndilo alilokuwa na hakika nalo.

Sada akaanza kumwaga maji upande huo.